Kumnasa Meowth Mji Mkongwe na kumkuza awe Persian

Paka wa Unguja hawahesabiki. Wako Darajani chini ya meza za samaki, wako barazani wamejikunja, wako juu ya kuta wakitizama watu wanavyohangaika. Ndiyo maana mpwa wangu alipoanza kucheza Pokémon GO, mchezo wa simu wa kutembea mitaani ukinasa viumbe waitwao Pokémon, hakutaka joka wala ndege wa moto. Alimtaka Meowth, paka mwenye sarafu ya dhahabu kwenye paji la uso. "Mjomba, mimi nnamtaka huyu nyau." Nikamcheka. Baadaye nikaja kujua kwamba Kijapani anaitwa Nyarth, kutokana na mlio wa paka kwa masikio ya Wajapani. Kumbe Mjapani na Mswahili wamemsikia paka kwa sauti moja, Mwingereza ndiye aliyesikia yake.

Mwongozo huu ni wa anayecheza kwa miguu, kwa bando la kawaida, bila ya kutia pesa ndani ya mchezo. Nimeuandika baada ya kuharibu mengi mwenyewe, na nitayataja.

Mjue paka kabla ya kumtafuta

Meowth ni nambari 52 katika orodha ya Pokémon, mmoja wa wale 151 wa mwanzo kabisa ambao mchezo wao ulianzia Japani mwaka 1996. Persian, umbo lake la ukubwani, ni 53. Aina yake ni Normal: adui yake wa asili ni mmoja tu, aina ya Fighting, na mapigo ya Ghost hayamdhuru sana.

Sarafu aliyonayo kichwani ni koban, dhahabu ya zamani ya Kijapani yenye umbo la yai. Wajapani wana msemo wao kuhusu kumpa paka koban, yaani kumpa mtu kitu cha thamani asichojua thamani yake. Katika hadithi ya mchezo, Meowth huzurura usiku akiokota kila kinachong'aa. Angezaliwa Forodhani asingelala na njaa.

Jambo moja ulijue mapema usije ukanilaumu: si mpiganaji wa kutisha. Katika michezo ya asili, ile ya mashine za Nintendo, jumla ya uwezo wa Meowth ni 290 na wa Persian ni 440, na fahari yake yote imo kwenye kasi, 115. Sasa Pokémon GO haina kipimo cha kasi. Kile alichokuwa nacho cha kujivunia kimebaki nje ya mlango. Kwa hivyo anayemtaka Persian wa GO anamtaka kwa mapenzi, na mapenzi hayo yasikugharimu kuliko inavyostahiki. Hesabu zote zilizomo humu zinazunguka hapo: kumpata paka mmoja mzuri bila ya kumaliza vitu vyako vyote kwa paka wabovu.

Hatua ya 1: Simu

Zima AR. Ile ni kamera inayomwonesha Pokémon kama amesimama njiani kweli. Inapendeza siku ya kwanza, kisha inakula betri na inaleta maneno. Mji Mkongwe watu wamekaa milangoni mwao, akina mama wametoka na kanga, na wewe umeinua simu unailenga nyumba. Hakuna atakayekuuliza unanasa nini. Vivyo hivyo bandarini na penye askari: kamera isitoke.

Ndani ya mipangilio washa Battery Saver, na washa Adventure Sync, ili kilomita zako zihesabike hata mchezo ukiwa umefungwa. Hiyo ya pili ndiyo rafiki wa mwenye bando dogo. Unakwenda skuli au kazini kwa miguu, mchezo umelala, hatua zinaingia.

Picha na masasisho yapakue nyumbani kwenye Wi-Fi kabla ya kutoka. Mchezo wenyewe ukiwa unatembea hauli data nyingi. Kinachomaliza bando ni kuupakua upya njiani kwa sababu uliufuta jana kupata nafasi ya video.

Hatua ya 2: Njia

Vituo vya mchezo huwekwa mahali penye jambo: jengo la historia, mnara, mchoro ukutani, nyumba ya ibada, bustani. Hapo ndipo unapozungusha kidude ukapata mipira ya kunasia na matunda ya kuwalisha Pokémon. Fungua ramani ya mchezo ukiwa umesimama, uone vilivyo karibu yako, kisha upange njia inayovipita kwa mfululizo bila ya kurudi nyuma.

Mimi huanzia Darajani, nikaingia Mkunazini, nikapita Sokomuhogo, nikatokea Jaws Corner, kisha nikateremka taratibu hadi Ngome Kongwe na Forodhani. Si mbali. Kinachokuchelewesha ni salamu.

Kuna tabu moja ya mji wetu ambayo miongozo ya Wazungu haiisemi. Vichochoro ni vyembamba na kuta za mawe ni ndefu, simu inaiona mbingu kama uzi. Satelaiti zinapotea, na yule mtu wako wa kwenye ramani anaanza kuruka: mara yuko Kiponda, mara yuko baharini. Ukiwa hapo usitupe mpira wala usijaribu kuzungusha kituo cha mbali. Nenda penye uwazi. Forodhani, uwanja wa Mnazi Mmoja, hata pale barabara inapopanuka mbele ya soko, simu inatulia.

Na usipande gari ukadhani umeula. Mchezo hauhesabu kilomita ukienda kwa mwendo zaidi ya mtu anayekimbia, kiasi cha kilomita 10 kwa saa. Mayai ya mchezo huanguliwa kwa kutembea, na daladala ya Bububu haiangui yai. Daladala yenye msongamano wa Darajani, hiyo labda.

Hatua ya 3: Mawingu

Pembeni juu ya ramani kuna alama ya hali ya hewa. Ukiona jua lililofunikwa nusu na wingu, toka. Hali hiyo huwapa nguvu Pokémon wa aina ya Normal. Meowth wa porini kwa kawaida hazidi kiwango cha 30. Mawingu hayo yakiwepo anaweza kufika 35, uwezo wake wa ndani hauwi wa chini kabisa, na kila unayemnasa anakupa vumbi la nyota, lile la kumpandishia Pokémon viwango, 125 badala ya 100.

Wingu zito la kufunika mbingu nzima si hilo. Hilo ni la Fighting, adui yake. Tizama alama, usitizame juu. Mara nyingi mchezo unasema jua na wewe umeloa.

Hatua ya 4: Kutupa

Hapa ndipo watu wanapopoteza mipira, nami nitakaa kidogo.

Ukimgusa Meowth, atatokea mbele yako na duara mbili: moja imesimama, nyengine ndani yake inapungua na kurudi. Rangi ya ile ya ndani inakwambia ugumu. Kijani ni rahisi, njano ni wastani, rangi ya chungwa jihadhari, nyekundu ana kiburi.

Mpwa wangu alikuwa anatupa kama anayempiga embe jiwe. Siku moja tumekaa barazani Jaws Corner, muuza kahawa amesimama na dele lake, na mtoto ameshatupa mipira sita kwa Meowth mmoja. Kila akitupa, Meowth anaruka, mpira unarudi. Nikamshika mkono. "Tulia, mama. Usitupe kwanza." Nikamwonesha hivi:

Weka kidole juu ya mpira uushikilie. Duara ya ndani inaanza kupungua. Ikifika udogo unaoutaka, uachie mpira palepale chini bila ya kuutupa; duara itabaki na ukubwa huo. Sasa ngoja. Usifanye lolote. Meowth lazima arushe pigo lake. Akianza kulirusha, ushike mpira, uzungushe kwa kidole mpaka utoe vimeta, na anapokaribia kumaliza, tupa. Mpira utamfika akiwa ametua, na duara iko vilevile ulivyoiacha.

Ule mzunguko si madoido. Mpira wa kupinda huzidisha nafasi ya kunasa mara 1.7. Tunda la Razz mara 1.5. Mpira wa buluu mara 1.5, mweusi wenye njano mara 2. Sasa piga hesabu: mpira wa kawaida kabisa ukiupinda una nguvu kuliko wa buluu uliotupwa moja kwa moja, nao ule wa kawaida unao tele.

Mtoto akangoja. Paka wa kweli, wa rangi ya chungwa, akapanda barazani akapita juu ya mapaja yake akikanyaga simu. Yeye hakutikisika. Akazungusha, akatupa, mpira ukatikisika mara tatu, ukafunga. Babu aliyekuwa pembeni akinywa kahawa akaweka kikombe chini. "Mwanangu, paka hawa hapa tele, mwawaacha mwashika wa simuni?" Mtoto akamjibu kwa adabu yote, "Huyu hali samaki, babu."

Hatua ya 5: Hesabu ya pipi

Meowth anageuka Persian kwa pipi 50, pipi za mchezo unazozipata kwa kunasa wa jamii yake. Ukimnasa mmoja unapata pipi 3. Ukimpeleka kwa Profesa, yaani ukimtoa kwenye mkoba, unapata 1 zaidi. Ukimlisha tunda la Pinap kabla ya kutupa, zile 3 zinakuwa 6.

Bila ya Pinap, kila Meowth unayemnasa na kumtoa ni pipi 4, basi unahitaji kunasa 13, mmoja wao ubaki naye. Kwa Pinap kila mmoja ni 7, na wanatosha 8. Tofauti ni paka watano, labda jioni mbili. Kwa hivyo usiyachome matunda ya Pinap kwa kila panya na kila ndege anayejitokeza. Yaweke. Razz tumia kwa mwenye duara nyekundu tu.

Hatua ya 6: Yupi wa kumgeuza

Hili ndilo kosa langu kubwa. Nilipofikisha pipi 50 mara ya kwanza nilimgeuza Meowth wangu wa kwanza kabisa, kwa sababu ni wa kwanza, nimemzoea. Nikamlisha vumbi la nyota la wiki nzima. Halafu mpwa wangu akachukua simu, akabonyeza kitufe cha Appraise, akanitizama kwa huruma. Vipimo vyote vitatu vilikuwa chini ya nusu.

Fanya hivi: kusanya paka wako wote kwanza, pipi ziache zijae. Kisha mmoja mmoja bonyeza Appraise. Utaona mistari mitatu, ya kushambulia, ya kujikinga na ya uhai. Kila mmoja mwisho wake ni 15.

Ukitaka wa kupendeza tu, chukua mwenye mistari yote iliyojaa. Ukitaka wa kushindana Great League, mashindano ya wachezaji ambako kikomo ni CP 1500 (CP ni nambari ya nguvu ya Pokémon), mambo yanageuka: mchague mwenye kushambulia kwa chini na kujikinga na uhai kwa juu. Sababu ni kwamba kushambulia ndiko kunakoipandisha CP haraka kuliko viwili hivyo vyengine. Mwenye kushambulia kidogo anapata nafasi ya kupanda viwango zaidi kabla ya kugonga kikomo, naye anavumilia zaidi uwanjani.

Na hapa ndipo mawingu ya Hatua ya 3 yanapolipa. Persian hafiki 1500 upesi, anahitaji kiwango kikubwa, na vumbi la nyota la kumpandisha kutoka chini ni jingi mno kwa paka wa namna hii. Aliyenaswa siku ya mawingu akiwa tayari kiwango cha 30 na kitu huwa amekuokolea karibu safari yote. Mdogo wa kiwango cha 8, hata mistari yake ijae, mwache abaki pambo.

Hatua ya 7: Rafiki wa kutembea

Ukimweka Meowth awe rafiki yako wa kutembea, anakuletea pipi 1 kila kilomita 3. Ukitegemea njia hiyo peke yake, pipi 50 ni kilomita 150, na kisiwa chote cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kwa hivyo iwe nyongeza, isiwe mtaji. Mimi humweka mwezi wa Ramadhani, natembea baada ya futari na tarawehe, na pipi mbili tatu zinaingia bila ya mimi kuzifikiria. Wakati wa sala simu inakaa mfukoni, hilo sihitaji kulieleza.

Walioko Pemba, na siri ya boti

Chake Chake, Wete na Mkoani si Mji Mkongwe, na shamba ndiyo kabisa: ramani imetulia kama bahari ya usiku. Aliyeko huko ategemee udi, ndivyo ninavyouita Incense. Kila siku mchezo hukupa udi mmoja wa bure wa dakika 15. Ukikaa kitako nao hautafanya kazi, ni wa kuutumia ukiwa unatembea. Barabara ya karafuu ya jioni inafaa.

Lakini Wapemba wana kitu ambacho sisi wa mjini hatuna wenyewe. Marafiki wawili wakibadilishana Pokémon, mchezo hutizama umbali kati ya mahali walikonaswa. Chini ya kilomita 10 unapata pipi 1, kati ya 10 na 100 unapata 2, zaidi ya 100 unapata 3. Kutoka Mjini hadi Chake Chake kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 100. Basi mtu akija na boti kutoka Pemba na Meowth kumi wa Chake, na wewe unao kumi wa Mkunazini, mkakaa baraza moja mkabadilishana, kila mmoja anaondoka na pipi 30. Lazima muwe marafiki ndani ya mchezo, na kwa kawaida mkaribiane ndani ya mita 100. Vipimo vyao vya ndani hupangwa upya wakibadilishwa, kwa hivyo mtoe walio dhaifu. Anaweza kutoka bora. Aliyebadilishwa mara moja habadilishwi tena.

Usiwapeleke paka kwa Profesa wakati una jamaa Pemba. Pipi 1 kwa 3, hata mtoto wa chekechea anajua.

Ndugu zake wawili

Yuko Meowth wa Alola, wa rangi ya kijivu, aina ya Dark, mwenye maringo. Ukubwani uso wake unakuwa duara kama chapati. Yuko na wa Galar, aina ya Steel, mwenye manyoya yaliyovurugika na sarafu nyeusi ya chuma. Hadithi yake inasema aliishi na mabaharia wakali mpaka sehemu za mwili wake zikageuka chuma. Huyo mimi namwona wa kwetu zaidi kuliko wote, paka wa jahazi. Hawi Persian, anakuwa Perrserker.

Wote watatu wanakula pipi moja. Zile ulizokusanya kwa paka wa kawaida zinamgeuza wa Alola au wa Galar, kila mmoja kwa 50. Wamewahi kutoka kwenye mayai ya kilomita 7, yale yanayokuja na zawadi za marafiki, ila orodha ya mayai hubadilika kila msimu. Gusa yai uone kilichomo kabla ya kulitembeza.

Utakapokutana na Persian wa bosi

Ukishawashinda vijakazi wa Team GO Rocket, kundi la wahalifu wa mchezo, na viongozi wao, utafika kwa bosi, Giovanni. Yeye huanza na Persian. Mpwa wangu alipomwona mara ya kwanza alisita, akasema hampigi nyau. Nikamwambia huyo wake ni wa kivuli, anashambulia kwa nguvu zaidi lakini kujikinga kwake kumepungua, na adui yake ni yuleyule, Fighting. Mtangulize Machamp au Lucario, wote wa Fighting, mwenye pigo la nguvu linalojaa upesi, umlazimishe bosi atumie ngao zake mapema.

Akampiga kwa Machamp, macho yamefumba nusu. Persian wake mwenyewe, wa mawingu ya Forodhani, kiwango 33, hakumwingiza kabisa. Amempa jina la Dele, na kila akifika Jaws Corner humtoa mkobani amwoneshe yule babu.